Mkia wa Q

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya mabango, pale Dodoma mjini, sikuruhusiwa kugusa rangi. Fundi Mkuu, mzee wa Kondoa aliyevaa koti la kaki hata jua likiwaka, alinipa chaki na ubao.

"Chora O."

Nikachora.

"Hilo yai, binti. Vidole vinatetemeka. Zungusha bega."

Nikachora O mpaka jioni, nikijiuliza ni kazi gani hii ya kumfundisha mtu mzima duara.

Enzi zetu bango lilichorwa kwa mkono. Tulipiga kamba ya chaki kupata mstari, tukachora herufi, kisha tukazitia kivuli, yaani rangi ya pili upande mmoja, ili zionekane zimeinuka kwenye bati. Mimi nilipenda herufi nene, za mviringo. Wenzangu waliziita vitumbo, wakidai nazilisha ugali wa uwele. Nilipopelekwa kufanya kazi Mvumi, msimamizi wa karakana ya kule alitaka herufi nyembamba, za heshima. Mwenye mashine ya kusaga, aliyetuagiza bango, akagoma.

"Nataka zilizoshiba! Nani ataleta mahindi kwa herufi zenye njaa?"

Basi vitumbo vikaenea, kwenye mabucha, saluni na maduka. Baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango, nami nikastaafu, nikatulia nyumbani Mkonze.

Mwaka jana akaja Neema, dada anayechora kwa kompyuta. Alikuwa amepiga picha vitumbo vyangu mji mzima, anataka kuvitengeneza ili mtu yeyote aweze kuviandika kwa kompyuta yake. Nilimuuliza maswali mpaka chai ikapoa. A zote zitafanana? Kivuli kitakaa upande gani? Mwishowe akauliza yeye.

"Bibi, mbona Q siioni popote?"

Nilicheka. Maisha yangu yote hakuna aliyeniagiza Q. Kiswahili hakina kazi nayo.

"Tukiiacha, mtu akiandika jina lenye Q, kompyuta itaweka ya kwake."

Herufi ya kuokota katikati ya wanangu! Roho iliniuma. Lakini mkono wangu siku hizi hata chai unaimwaga. Nilikaa na penseli, nikaogopa kama mwanafunzi. Halafu nikajiuliza, Q ni nini kama si O iliyoota mkia? Nikazungusha bega. O ikatoka, imeshiba. Ila mkia ni kazi ya vidole, nao ukatetemeka.

"Niunyooshe, bibi?"

"Uache. Hizo nyingine ni mkono wangu wa ujana. Huo ni wa leo."

Juzi nilipita Nzuguni nikaona bango jipya, QUEEN SALUNI, kwa vitumbo vyangu. Nilisimama nikitabasamu peke yangu, nimefurahi kupita kiasi. Mwenye saluni akatoka.

"Shikamoo bibi. Karibu, tukusuke?"

"Marahaba. Hapana mwanangu, naangalia mkia wangu."

Maskini, akachungulia nyuma ya kanga yangu.