Siku Niliyopeleka Mkojo wa Paka Ukweni

Kuna watu hapa Rongo wanaodhani nilipeleka ayie yangu kwa heshima zote, na mimi nimewaacha wadhani hivyo kwa sababu nani anapenda kujivua nguo hadharani, lakini leo nimechoka kubeba aibu hii peke yangu kama gunia la miwa, kwa hiyo kaeni niwaambie, na atakayecheka kabla sijamaliza nitamwacha na simu yake mbovu mwaka mzima.

Chanzo ni paka wangu. Anaitwa Mwenyekiti, kwa sababu nyumba yangu ina kiti kimoja cha maana na yeye ndiye anayekikalia. Ni dume jeusi lenye soksi nyeupe, na uzito wake (siongezi chumvi) unatosha mbuzi wawili. Mimi natengeneza simu na redio, naishi chumba kimoja, na kwa vile mwenye ploti hataki kumwona paka nje karibu na vifaranga vyake, Mwenyekiti hujisaidia ndani, kwenye karai la plastiki nililojaza mchanga nikaliweka nyuma ya mlango. Miaka miwili hatukuwahi kugombana. Anachimba, anamaliza, anafukia, anarudi kitini. Wengi niliosoma nao hawana nidhamu hiyo.

Niliosoma nao, nasema, kwa sababu mimi ni mhitimu. Masomo ya jioni, miaka minne, kila siku baada ya kufunga kibanda, na mtihani nikaufanya nikiwa na ndevu mpaka msimamizi akanipa kiti akidhani ni mwalimu mgeni. Nilipopita nilishonewa suti ya kijivu, suti pekee katika ukoo wetu tangu dunia iumbwe. Ikumbukeni hiyo suti. Kumbukeni pia kwamba kwenye sayansi nilipata B, maana hiyo B ndiyo iliyoniponza.

Sasa, nilikuwa nimempata Awino, binti wa Asumbi, na Jumapili ilikuwa siku ya ayie. Kwa asiyejua, hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya mahari, siku ambayo mama wa msichana anatamka kwa kinywa chake kwamba amekubali. Asipotamka, hata baba mtu acheze densi mpaka kiatu kikatike, ndoa hakuna.

Alhamisi akanipitia mzee Opondo, jagam wangu, yaani mshenga, yule anayekusemea kule ukweni. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akairudisha.

"Omera Odira, hapa kunanuka paka."

"Ni kidogo tu, mzee."

"Kidogo kwako. Wewe umeshakuwa ndugu yake."

Nikaona haya. Alipoondoka tu nikafanya uamuzi mdogo sana, ule ambao mtu hawezi kudhani utafika mpaka Asumbi: nikamwaga mchanga wote, nikasugua karai kwa dawa ya choo yenye harufu ya limau mpaka macho yangu yakatoa machozi, nikalijaza maranda kutoka kwa seremala, nikanyunyizia poda ya watoto juu yake, halafu nikalihamishia kando ya spika ya redio ambako naona kila kitu. Kisayansi, nikajiambia, harufu nzuri huua harufu mbaya. (B, jamani. Si A.)

Mwenyekiti alikuja, akanusa, akapiga chafya mara tatu, akanitazama kama mzee wa kanisa anavyomtazama mtu aliyekoroma kwenye maombi. Ijumaa akakojolea kitambaa cha mlangoni. Jumamosi akakojoa ndani ya gambuti. Nikambeba nikamweka kwenye karai, akaruka kama aliyekanyaga makaa. Na mimi, badala ya kuuliza kwa nini, nikaongeza limau.

Jumapili asubuhi nikainama kuchukua suti. Nilikuwa nimeitandaza tangu jana yake ndani ya sanduku lililo wazi, chini ya kitanda, isipate mikunjo. Mahali pakavu, laini, kimya, mbali na spika. Hata mimi ningekuwa paka ningechagua hapo hapo. Suruali ilisalimika, lakini koti, kuanzia kwapani hadi mfukoni upande wa kushoto, lilikuwa limeloa kama limevuliwa ziwani.

Nilimpigia Awino, ambaye alikuwa ametangulia kwao.

"Awino, tunaweza kusogeza shughuli mbele kwa saa mbili?"

"Odira, yule aliyenichumbia kwanza alichelewa saa moja tu. Mama akawapa chakula, akawaambia warudi kwao salama. Njoo sasa hivi."

"Na nikija bila koti?"

"Bila koti unakuja kuchunga?"

Basi nikaliosha lile doa (kwa kutumia nini? Ile dawa ya limau), nikalining'iniza koti juu ya jiko la makaa, nikalimiminia manukato nusu chupa. Wakati huo huo napiga pasi shati, mkono mmoja kule, jicho moja huku, mpaka nikasikia harufu ya tatu: pasi ilikuwa imelala mgongoni mwa shati na ilipoinuka iliacha tundu lenye umbo lake kamili, na ncha yake mbele. Si neno, nikasema, koti litafunika. Nikalinusa koti. Kavu, lilinukia kama harusi ya mtu mwingine.

Shida ya mkojo wa paka ni kwamba unapokuwa baridi unalala, ukipata joto unaamka. Ndani ya gari la kukodi tulikuwa wanaume watano na jua la saa nne, na hata nusu ya njia hatujafika mzee Opondo akashusha kioo.

"Odira, umekanyaga nini?"

Nikatazama nyayo. "Sijakanyaga kitu, mzee."

"Basi kuna kitu kimekukanyaga wewe."

Kule kwa kina Awino tulipokewa vizuri mno. Sebule ilikuwa na viti vyenye vitambaa vya kufuma, kreti mbili za soda, wajomba, mashangazi, na bati ambalo kufikia saa sita lilikuwa linatokota. Mama Awino aliketi mbali, kwenye mlango wa chumba cha ndani, ametazama ukuta, kwa sababu huku kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono wala hawasemezani hovyo hovyo. Maneno yote hupita kwa jagam. Mimi nilikaa mikono magotini, kimya kama picha, nikisikia kwapa langu la kushoto likianza kuhubiri.

Tuliinamisha vichwa. Mzee Ogutu, baba mdogo wa Awino, ndiye aliyeomba, na aliomba vizuri mpaka katikati, ambapo alisita, akavuta pumzi, akasema haraka, "Amina. Kuna ogwang' ndani ya nyumba hii."

Ogwang' ni paka mwitu, mwizi wa kuku, na mzee Ogutu alikuwa ameshapoteza jogoo wake bora, kwa hiyo aliinuka na rungu. Wajomba wakainuka. Mashangazi wakapandisha miguu juu ya viti. Mtu akapanda meza kutazama darini. Na mimi (naapa, mwili ulifanya wenyewe) nilipiga magoti nikaanza kutafuta pamoja nao, nikisema, "Atakuwa chini ya kabati, mzee, hawa wanapenda kabati!"

"Mleteni Askari!" mzee Ogutu akaamuru.

Askari ni mbwa. Aliingia polepole, pua chini, akapita kabati, akapita kreti za soda, akampita mzee Opondo, akafika kwangu nikiwa bado nimepiga magoti, akaingiza pua yake kwapani mwangu. Akaketi. Akabweka mara moja tu, kama shahidi aliyemaliza kutoa ushahidi.

"Orwa," akasema mzee Ogutu, na hilo ni neno tamu, maana yake mkwe wetu, ila safari hii halikuwa na sukari. "Ndani ya hilo koti una nini?"

"Sina kitu, baba."

"Vua."

Nilimtazama mzee Opondo. Mzee Opondo alitazama bati. Nikavua, nikarudi kinyumenyume kama kaa mpaka nikagusa ukuta, nikaganda hapo nikitabasamu.

"Mbona amejibandika?" shangazi mmoja akauliza. "Geuka, mwanangu, tukuone vizuri."

Nikageuka.

"Yawa!" akapiga kelele. "Huyu amepigwa pasi akiwa ndani ya shati!"

Kicheko kilichofuata nadhani Homa Bay mjini walikisikia wakafikiri ni mvua. Awino alikuwa amesimama kwa mbali na trei ya glasi. Hacheki. Ananitazama kama mtu anayetazama basi lake la mwisho likiondoka, na hapo ndipo tabasamu langu mwenyewe liliponifutika usoni, kwa sababu nilijua mama akisema hapana sasa, ni hapana ya milele.

Mama Awino akakohoa. Mashangazi wakashusha miguu sakafuni.

"Mzee Opondo," alisema akiuambia ukuta, "mwulize mkwe, huyo paka aliyemkojolea koti ni dume?"

Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake na nimesikia kila silabi, lakini mila ni mila. Mzee Opondo akanigeukia. "Odira, unaulizwa, huyo paka ni dume?"

"Mwambie mama ni dume."

"Mama, anasema ni dume."

"Mwulize anajisaidia wapi."

"Kwenye karai."

"Kwenye karai, mama."

"Mwambie hilo koti si karai."

"Odira, mama anasema hilo koti..."

"Nimesikia, mzee."

"Mwulize karai alilifanya nini."

Nikakiri yote. Limau, maranda, poda, spika. Na mzee Opondo akayarudia yote, moja baada ya jingine, kwa ile sauti nzito aliyokuwa ameiandaa kuzungumzia ng'ombe. "Mama, anasema pia alimpaka poda. Si paka, mama. Karai." Mashangazi walikuwa wanauma leso zao.

"Mwambie mimi nafuga watano hapa, na pua ya paka si kama yake," mama akasema. "Anachokiita manukato, kwa paka ni moshi. Aoshe kwa maji na sabuni kidogo, arudishe mchanga, arudishe karai pembeni palipotulia, mbali na redio na mbali na chakula. Amhasi. Na siku akimwona anajikaza na mkojo hautoki, aache sayansi, amkimbize kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Sasa mwulize. Alipokojolewa viatu, alimpiga?"

Wazee wote wakanitazama. Nikaona Awino ameacha kupumua. Na mimi, badala ya kumngoja mzee Opondo, nikamgeukia mama mkwe mwenyewe, uso kwa uso, nikasema, "Sikumpiga, mama. Nilimgombeza tu. Halafu akanuna, hakula, nikamwomba msamaha."

Wueh. Nyumba nzima ilivuta pumzi (na walijuta kuivuta). Mzee Opondo alifumba macho kama mtu anayesubiri kuzikwa. Nilikuwa nimesema na mama mkwe ana kwa ana, nina tundu la pasi mgongoni, nanuka, na nimekiri kwamba namwomba paka msamaha.

Mama Awino aliinua leso akafunika uso. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza. Kisha sauti ikapenya chini ya leso, na haikuwa kilio.

"Ayie," alisema. "Nimekubali. Mwambieni, mtu anayemwomba paka msamaha siogopi kumpa binti yangu. Lakini hilo koti litoke kwangu."

Koti lilitolewa kwa mti mrefu, likatundikwa kwenye ua, na mbuzi wote wakahamia upande wa pili wa boma. Na kwa kuwa mkwe hawezi kula ukweni na mgongo wazi, wala hawezi kuvaa nguo ya mama mkwe, kitu pekee kilichopatikana kwenye kamba ya nguo ni sweta ya shule ya shemeji yangu mdogo, ya kijani, mikono imeishia kwenye viwiko na chini imeishia kitovuni. Hivyo ndivyo nilivyokula samaki na kuku wa ayie. Na hivyo ndivyo nilivyopigwa picha ya ukumbusho na ukoo wote, picha ambayo mama mkwe ameikuza, akaitia fremu, akaitundika sebuleni, juu kuliko ya harusi yetu.

Leo Mwenyekiti amehasiwa, karai liko nyuma ya mlango, mchanga naupepeta kila asubuhi kabla sijapiga mswaki, suti ninaitundika juu ambako hata nzi anahitaji ngazi, na dawa ya limau nimeapa isivuke kizingiti changu mpaka nitakapozeeka. Na kila Jumapili simu ya Awino huita, na ingawa mimi nipo hapo hapo kando yake na spika ya simu iko wazi, mama haongei nami moja kwa moja.

"Awino, mwulize mkwe wangu. Karai?"

Awino ananigeukia, uso mkavu kama wa mzee Opondo. "Unaulizwa, karai?"

"Mwambie mama ni safi."

"Mama, anasema ni safi."

"Mwambie asinidanganye," mama anasema. "Mwulize Mwenyekiti."