Mkalimani wa Nyuma ya Kitenge

Saa tatu asubuhi mjini Tukuyu, mvua ya manyunyu inagonga bati la ukumbi ambamo wafanyabiashara wa nchi mbili wanakutana. Meza ya mbele wamekaa maofisa wa Tanzania na Malawi. Upande mmoja wako kina mama wauza ndizi wa Rungwe, upande wa pili wazee wa soko la Karonga, Malawi. Mkalimani haonekani.

Kinachosikika ni sauti yake tu, ikitoka kwenye kona, nyuma ya kitenge cha maua ya njano kilichotundikwa kwenye kamba. Mzee wa Karonga akisema Kingonde, sauti inatoa Kiswahili, kisha Kichewa, haraka na bila kubabaika. Ofisa mmoja mgeni anamnong'oneza mwandishi wa makala haya: mama huyo anaumwa nini?

Haumwi. Yuko kazini, na baba mkwe wake yuko ukumbini.

Tusekile Simon, mwenye umri wa miaka 43, ni mkulima wa ndizi wa kijiji cha Masoko, Rungwe, na mama wa watoto wanne. Aliolewa na fundi seremala wa Karonga, Ambindwile, wakaishi Lilongwe miaka minane. Huko ndiko alikojifunza Kichewa, sokoni, akibishana bei ya nyanya. Kingonde hakuwa na haja ya kujifunza, kwa kuwa ni ndugu wa damu wa Kinyakyusa chake.

Maofisa wangeweza kumalizana kwa Kiingereza wao kwa wao. Lakini mikutano hii ya ujirani mwema, iliyoanza mwaka juzi, 1996, ni ya watu wanaouza na kununua, na hao wanataka kusikia kila neno. Ndipo alipoitwa Tusekile.

Mkutano wa kwanza nusura uvunjike kwa sababu yake. Alikuwa amesimama mbele, katikati ya sentensi, mlango ukafunguka na baba mkwe wake akaingia na wajumbe wa Karonga. Tusekile alijifunika kichwa na kutokea mlango wa jikoni mbio. Mzee naye akageukia ukutani.

Kwa Wanyakyusa na Wangonde, mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, na mkamwana hatamki jina la mkwe wake. Maofisa hawakulijua hilo. Wa Malawi walidhani Tanzania imesusa kikao, wa Tanzania wakadhani mama wa watu ametukanwa. Wakaanza kukusanya makaratasi, kila upande ukisubiri kuombwa radhi.

"Mimi nilikuwa nimeleta vikombe," anasema Biubwa, mwenye duka la vitambaa jirani na ukumbi na rafiki wa Tusekile. "Nikawaambia, waheshimiwa, hapa hakuna vita, hapa kuna heshima. Nikaenda dukani nikakata kitenge yadi tatu. Hakijarudi mpaka leo, na sikidai."

Tangu siku hiyo Tusekile hutafsiri akiwa nyuma ya kitambaa. Je, si kuvunja mwiko hata hivyo? Akiulizwa hayo shambani kwake Masoko, anacheka.

"Maneno siyo yangu. Mjumbe hauawi, au siyo? Ya yule mzee nayapeleka kwa mkutano, ya mkutano nayaacha hewani, ayaokote mwenyewe."

Yule mzee anaitwa nani? Tusekile anatazama migomba. Jina la mzee Asajile mwandishi alilipata kwa Biubwa.

Mkutano wa leo ni mzito. Kina mama arobaini wa Rungwe, Tusekile akiwa mmoja wao, wanaomba meza katika soko la Karonga kila Jumamosi. Kwa sasa mkungu mnono walanguzi wanauchukua shambani kwa shilingi mia saba. Ng'ambo ya mto Songwe wa mpakani ungeuzwa mara mbili yake. Serikali zote mbili zimekubali. Wanaokataa ni wazee wa soko, na msemaji wao ni Asajile.

Anasimama taratibu, mkono juu ya fimbo.

"Wakulima wetu nao wana migomba," anasema. "Ndizi za Rungwe zikija kwa magari, wao watakula nini?"

Sauti ya nyuma ya kitenge inatafsiri. Mzee anaendelea.

"Halafu watu hawa tunawajua. Wametuchukulia wana, wamewalaza ukweni kama wanawake. Sasa wanataka na soko."

Wanaojua Kingonde wanainamisha vichwa kabla tafsiri haijatoka. Kila mtu wa Masoko anajua ni mwana gani anasemwa. Miaka sita iliyopita, kazi ya useremala ilipokauka Lilongwe, Ambindwile alimfuata mkewe Masoko kwenye shamba la mama wa mke, ilhali kwa desturi yao mke ndiye huhamia kwa mume. Tangu hapo baba yake hajawatumia hata salamu.

Tusekile anatafsiri, Kiswahili kwanza, Kichewa baadaye. Anasema "wamewalaza ukweni kama wanawake" vilevile kama ilivyosemwa, hapunguzi chumvi wala haongezi. Mwandishi aliona aibu kwa niaba yake, na anakiri kwamba angekuwa yeye angelimeza neno hilo.

Mwenyekiti, Bwana Kheri, akaona heri watu wanywe chai.

Chai haikunyweka. Kina mama walikaa barazani, wakihesabu soko limekwenda. Tusekile alibaki kwenye kona yake, Biubwa akampelekea kikombe kwa chini ya kitenge.

Waliporudi, Asajile aliomba kusema tena.

"Meza wapewe," alisema. "Ila ziwe upande wa chini wa soko, na wakatiwe njia yao wenyewe kutoka stendi. Mtu asije akakutana njiani na asiyepaswa kukutana naye."

Ofisa wa Malawi akataka tafsiri. Haikuja. Bwana Kheri akakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sauti ile kunyamaza, na kina mama wa mbele, waliojua njia hiyo ni ya mkwe na mkamwana, walikuwa wameshaanza kufuta macho kwa ncha za kanga. Hatimaye ikatoka, nzito kidogo, kwa lugha zote mbili.

Maofisa walielewa kuwa mzee anaogopa msongamano. Wakamsifu kwa mpango mzuri, na njia mbili za soko zikaandikwa kwenye makubaliano ya nchi mbili.

Nje, mwandishi alimuuliza Asajile kwa nini amegeuka. Alijibu kwa Kiswahili cha mpakani, bila haraka.

"Nilitupa neno la kuchoma. Nikangoja alilainishe, maana lilikuwa linamchoma yeye. Hakulilainisha. Mtu anayebeba neno lako hivyo, sokoni atakuibia nini?"

Je, amemsamehe na mwanawe?

"Mimi nimeomba njia ikatwe," alisema, akapanda gari.

Jioni, Masoko, Ambindwile anapiga randa ubao wa mlango na kumsikiliza mkewe akieleza, kisha anaomba aelezwe upya. Tusekile ameshachagua migomba ya kuanza nayo. Jumamosi ya pili ya mwezi ujao watakodi gari, kina mama arobaini. Faida ya kwanza anataka iezeke nyumba bati, na baada ya hapo mwanawe mkubwa aende sekondari.

"Lakini mkungu wa kwanza siuzi," anasema. "Nitampa mama mkwe ampelekee yule mzee. Ataula ndani, mimi nitakuwa sokoni. Sitamwona akila. Ila nitajua ameshiba kwa mkono wangu, na yeye atajua ni wangu. Ndaga, nashukuru, hiyo inanitosha."