Moyo ya Nyama

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Mkuu wa wodi ya wazazi alinikalisha kando ya kitanda, akanishikisha kifundo cha mkono wa mgonjwa, akasema, "Nyamaza kwanza. Acha mukono ikuambie." Ilikuwa miaka ya hamsini, Kisangani yetu ingali inaitwa Stanleyville, nami nilikuwa msichana mwenye kofia nyeupe ya uuguzi, najiona mkubwa kuliko hospitali nzima.

Baadaye nilihamishiwa wodi ya wanawake, chini ya daktari mrefu, mpole, asiyejua Kiswahili. Mimi ndiye niliyemtafsiria kwa Kifaransa. Ninyi vijana mnajua, kwetu mtu akisema moyo unamuuma, ana huzuni au ameudhiwa. Wafasiri wote tulimwambia daktari ni huzuni, naye alitoa pole na dawa ya usingizi.

Ndipo akaja Veronika, mke wa mvuvi wa kule kwenye maporomoko. Alikuwa amejifungua wiki chache nyuma, na mtoto akafa. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi fupi, na hakuweza kulala chali. Mama mkwe wake alikwisha kufunga mizigo ampeleke Basoko kwa mashua ya kesho yake, akalilie mtoto kwa ndugu zake.

"Moyo inamuuma, dokta," mama mkwe alisema. "Huzuni inamumaliza."

Nikatafsiri. Daktari akachukua kalamu amwandikie ruhusa ya kwenda. Nani angeshangaa kwamba aliyefiwa na mtoto ana huzuni?

Veronika akanishika mkono. Kila neno la pili alivuta pumzi.

"Dada, mutoto ninamulilia, ndiyo. Lakini hii hapana ya kulia. Hii iko moyo ya nyama."

Akaweka kiganja changu chini ya ziwa lake la kushoto. Moyo ulikuwa unakimbia, unajikwaa, unakimbia tena. Niliogopa.

Nikamwambia daktari neno kwa neno: moyo wa nyama. Kwa Kifaransa ilichekesha, lakini hakucheka. Alivaa stetoskopu, ile mipira ya masikioni ya kusikilizia kifua, akasikiliza mpaka mama mkwe akachoka kusimama.

"Bon," akasema. "Moyo umepanuka baada ya kuzaa. Akipanda mashua, hafiki Basoko. Alale ameketi, asile chumvi. Dijitalini nitaipima mwenyewe." Hayo ni matone ya kuupa moyo nguvu. Kisha akanigeukia: "Na tangu leo, mwanamke akisema moyo, muulize ni upi."

Mama mkwe alifungua mizigo, akatoa vitenge vyake vizuri, akavikunja kuwa mito. Nampenda mpaka leo kwa vitenge vile. Veronika alipona polepole. Alipokatazwa kuzaa tena alilia sana, nami nikalia naye.

Swali lile nilikwenda nalo Opala nilipopewa zahanati, na kote nilikotumwa hadi kustaafu. Niliwaambia wasichana niliowafunza kazi kwamba mwanamke anaweza kufiwa na kuugua moyo kwa wakati mmoja, na kilio chake kisiwazibe masikio.

Veronika alizeeka. Habari za kifo chake ziliponifikia, nilikaa mlangoni, nikamwambia mjukuu wangu moyo unaniuma. Akaja mbio, akaweka kiganja mbavuni kwangu.

"Koko, iko gani? Ya nyama ao ya mawazo?"

"Ya mawazo, mama."

Akakaa kando yangu, kiganja chake hakukiondoa.