Ng'ombe wa Uwanja wa Ndege

Wakati wa vita nilifanya kazi katika kampuni ya serikali ya viwanja vya ndege, ambayo sote tuliiita regi, na kazi yangu ilikuwa kuita. Kila asubuhi nilitoka nyumbani, mtaa wa Jabe, nikaketi mbele ya redio pale uwanja wa Bujumbura, nikaviita viwanja vidogo vya mikoani kimoja kimoja. Mmeamka salama? Ndege ikija itatua? Ndege zenyewe zilikuwa haziendi tena huko, kwa kuwa nchi jirani zilituwekea vikwazo na mafuta yakawa adimu, lakini niliita, na walinzi wakaitika. Mtu akiniuliza regi iliendeshaje viwanja vya nchi nzima, namwambia: kwa koo langu.

Kiwanja kimoja cha milimani nilikiita roho mkononi. Dada yangu mkubwa alikuwa mwalimu huko, na alikuwa na kisukari. Barabara ilifungwa kwa mashambulizi, na dawa yake ya sindano ilikuwa inakaribia kwisha. Watu wa misaada walikuwa tayari kutuma ndege ndogo yenye dawa za hospitali ya kule, yake ikiwemo, mradi regi ithibitishe kwamba piste, ile njia ya kutulia ndege, ni salama na majani yake ni mafupi.

Asubuhi hiyo shefu wetu alisimama nyuma yangu akisikiliza. Nikamwita mlinzi. Kabla hajamaliza kujibu, ng'ombe akalia ndani ya redio, mlio mrefu, utadhani yeye ndiye aliyeulizwa.

"Ngombe kwenye piste?" shefu akauliza.

Mlinzi hakuficha. "Ndiyo, shefu. Mafuta ya mashine ya majani iliisha zamani. Naita majirani, wanaleta ngombe zao zinakula. Kisha tunaokota mavi yote."

Shefu akawaka. Kanuni zinakataza mnyama uwanjani, akasema. Kiwanja kifungwe, ndege isiende. Damu ikanipanda kichwani. Mimi si mtu wa kunyamaza, mume wangu ni shahidi. Nikageuza kiti.

"Shefu, na hii vikwazo, we uliwatumia hata litre moja ya mafuta? Apana! Ngombe njo wanafanya kazi ya regi. Uliza majani iko namna gani, usiulize nani aliikata."

Kisha akachukua maikrofoni mwenyewe.

"Muzee, majani inafika wapi?"

"Haifiki kwa kifundo cha muguu, shefu."

"Huyu mama akikuita, utaweza kutoa ngombe zote mbele ndege ifike?"

"Watu wa kilima yote watasaidia."

Shefu akatia sahihi karatasi ya kuthibitisha piste. Ndege iliporuka kutoka kwetu nikamwita mlinzi, nikapaza sauti: toa ng'ombe! Nikasikia filimbi na kelele za watu, kisha mngurumo, kisha kimya. Niliogopa sana. Alhamdulillahi, rubani akaita: ametua, na majani ya kule ni mafupi kuliko ya Bujumbura.

Mtu asiye wa regi haruhusiwi kugusa redio. Shefu alilijua hilo kuliko mimi, lakini sauti ya dada yangu, aliyekuja uwanjani kule kuchukua dawa, ilipotoka redioni, aliongeza sauti.

"Mudogo wangu," dada akasema, "dawa imefika. Ingali baridi. Wenye ngombe wanacheza mbele ya ndege."

Nilipiga vigelegele hapo hapo, ndani ya ofisi ya serikali, mchana kweupe, na shefu akapiga makofi.