Tawi la Kufukuzia Mbung'o

Niliaga kwa kishindo, na hiyo nayo ni sehemu ya aibu yangu. Mtaa wetu wote wa Gongoni ulijua kwamba naondoka Tabora kwa baiskeli, peke yangu, mpaka Ujiji, kwa njia ya misafara ya zamani. Mtu akiuliza kwa nini, nilimjibu kwa kifua mbele: "Mimi Mnyamwezi, bwana! Babu zetu walikwenda kwa miguu na mizigo begani, mimi nitashindwaje na magurudumu?" Fundi baiskeli wa mtaani kwetu alicheka, akasema ataniona narudi kabla viraka vyake havijakauka. Nikamwambia afunge domo lake.

Siku ya kwanza nilikuwa dume. Ya pili makalio yalikuwa yanawaka moto, na kwa ubishi wangu nikaiacha lami, nikaingia kijia cha porini ambacho wenyeji waliniambia ndicho walichopita wapagazi. Huko nikakutana na mbung'o. Jamani, mbung'o hasikii tusi wala dua. Anakung'ata juu ya shati, unampiga, anajikung'uta, anarudi. Nikakata matawi mawili yenye majani mabichi. Moja nikalifunga kwenye usukani, jingine nyuma kwenye keria, yawe yanatikisika nikienda. Wakapungua kweli. Nikajiona nina akili kuliko wote waliopita njia ile.

Adhuhuri nikatokea kwenye kijiji cha wakulima wa tumbaku. Pale bombani wanawake walikuwa wanachota maji. Nikapiga kengele, nikapunga mkono, natabasamu kama mgombea udiwani. Mama mmoja wa makamo akaachia ndoo. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu!" Kisha akakaa chini, kwenye matope.

Wenzake wakaangua kilio. Nilishuka nikiwa bado natabasamu, Mungu anisamehe, maana sikuelewa. Wanaume wakaja mbio kutoka kwenye mabani yao ya kukaushia tumbaku, na mzee mmoja akashika usukani wangu, akayaangalia yale majani.

"Pole kwa safari, baba," akasema taratibu. "Sema tu, usituzungushe. Amefariki lini?"

Hapo ndipo nami nilipoyatazama majani yale. Kwetu gari lililofungwa majani mabichi ni gari la msiba, nani asiyejua? Mikono yangu hii imeshafunga majani hayo tukienda kuzika. Lakini akili yote ilikuwa kwa mbung'o.

Nikajikanyagakanyaga kueleza. Nao wakanieleza: kijana wa yule mama amelazwa hospitali mjini Tabora, amepasuliwa tumbo, na simu yake haipatikani tangu juzi. Simu ikikaa kimya hivyo, hutumwa mtu kutoka mjini kuleta habari. Nami nikaja na majani.

"Kwa hiyo wewe hukutumwa?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee. Napita tu, nakwenda Ujiji."

"Ujiji kuna nani wako?"

"Hakuna mtu. Natembea."

"Unatembea," akarudia. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu angekuwa nayo. "Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe karibu umuue."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikang'oa yale matawi, nikataka kupanda baiskeli nikimbie, lakini mzee hakuuachia usukani. Akaninong'oneza kwamba nikiondoka hivihivi yule mama ataamini nimeshindwa kusema. "Mleta msiba haketi akala akashiba. Kaa ule, akuone."

Wakajaribu tena kumpigia kijana, juu ya kichuguu nyuma ya shule, mahali pekee mtandao unapofika. Haikupatikana. Basi mama akanawa matope, akakamata kuku, akapika. Kuku wake! Nikawekewa ugali barazani, kijiji kizima kimenizunguka, naye kakaa mbele yangu kwenye kigoda, macho kwenye mkono wangu. Kila tonge nililoinua alilifuata mpaka mdomoni. Mara nikakwama.

"Kula, baba," akasema. "Ukishiba ndiyo nitajua."

Nikala. Sijawahi kula chakula kwa aibu kama ile, maana nilikuwa natoa ushahidi wa jambo nisilolijua. Huenda kijana alikuwa amekufa kweli, na mimi nachovya mchuzi. Nikasafisha sahani, nikashukuru. Kisha nikamwambia yule mama nitarudi Tabora nikamwone mwanawe kwa macho yangu. Hakunisihi wala hakunizuia. Alinifungashia karanga. Mzee akanipa namba yake, akasema kesho jioni watakuwa kichuguuni wanasubiri.

Kesho yake alasiri niliingia mjini nimeinamisha kichwa. Fundi akaniona. "Si nilisema!" akapiga kelele, na kijiwe kizima kikacheka. Siku nyingine ningemjibu hadi akome. Nilimpita tu, njia nzima mpaka hospitali nikiomba nisikute kitanda kitupu.

Nilimkuta kijana amekaa, anagombana na nesi kwa sababu ya uji. Simu yake ilikuwa imeharibika, basi. Nikajitambulisha kwamba nimetoka kwao. Sikusema zaidi. Akaniuliza nilikula nini, nikasema kuku, akanitazama kwa heshima. "Kuku? Basi mama alikupenda!"

Jioni nikapiga namba ya mzee, nikampa kijana simu. Mama yake alikuwa anaongea kwa kelele kutoka juu ya kichuguu kile, kwa hiyo nilisikia yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba." Alirudia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akapumua. "Na mgeni wangu amefika salama?"

"Yupo hapa."

"Mwambie anisamehe. Yule kuku nilimtoa jikoni haraka, hakuiva vizuri. Alikula kwa shida, nilimwona."

Kijana akaninyooshea simu. "Mama anakuomba radhi," akasema.

Nikaishika simu. "Kuku aliiva, mama," nikasema. "Shida ilikuwa yangu."