Kopo la Mashudu

Wenzake kazini walimwita mume wangu Mama Kondoo, na mimi wakanitania kuwa nimeolewa uke wenza na kondoo. Mwanzoni nilicheka. Miaka kumi na tisa alichunga pale kituo cha utafiti wa mifugo, na lilipoletwa dume la kondoo mwitu kutoka milima ya nchi za mbali, lenye pembe nzito na miguu mirefu, yeye ndiye aliyekabidhiwa. Daktari wa kituo, mwanamke mpole asiye na maneno mengi, alitaka kulipandisha kwa majike yetu ya kufugwa ili wapatikane kondoo wa nyama isiyo na mafuta. Sharti lilikuwa moja: watoto wao wale majani tu.

Walizaliwa thelathini na mmoja, wepesi, mbavu za kuhesabika. Ndivyo walivyotakiwa kuwa. Lakini kwa mume wangu kondoo mwembamba ni aibu ya mchungaji, basi, hakuna daktari wa kumwambia vingine.

"Wananitazama, mama watoto," aliniambia.

Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika, akawa anawapitishia kopo la mashudu ya alizeti, yale makapi ya mbegu yanayonenepesha. Nilijua. Mashudu yenyewe yalikuwa ya kuku wangu.

Walipotimiza miezi minane, sita walichinjwa. Daktari akaweka rula mgongoni, kwenye ubavu wa mwisho, akapima mafuta. Akapima tena. Yalikuwa mengi kuliko ya kondoo wetu wa kawaida. Makao makuu yakajibu kwa mistari miwili: mradi ufungwe, kundi lote lichinjwe, dume likiwemo.

Mchana ule mume wangu hakugusa chakula.

"Naenda kumwambia daktari," alisema. "Akijua ni mashudu, hawatachinjwa."

"Na wewe je?"

"Watanifukuza."

Nilitazama nyumba. Ilikuwa ya kituo: vyumba viwili, bomba uani, shule ng'ambo ya barabara.

"Baba watoto, nyamaza," nilimwambia. "Yaliyopita si ndwele."

Akanyamaza. Siku ya kuchinja wakamwita yeye awaongoze kondoo, maana hawakumfuata mtu mwingine. Wakamfuata mbio hadi mlangoni pa machinjio, wakidhani ana kopo. Daktari alihamishwa, akiamini hadi leo kwamba damu ya mwitu ndiyo iliyomdanganya.

Kila mfanyakazi alipewa nyama. Niliipika, na sitasema uongo, ilikuwa tamu. Watoto walilamba vidole. Yeye alitazama mafuta yaliyoelea kwenye sufuria.

"Ningewaacha na mbavu zao," alisema, "wangekuwa hai."

Mdomo wangu, uliomwambia anyamaze, hakuutaja. Angeutaja ningemjibu, tungegombana, yangekwisha. Huu mwaka wa tatu nangoja anilaumu, naye ananiamkia vizuri kila asubuhi na kwenda zake kazini. Nyumba tunayo bado, na kuku wangu wananenepa.