Jiwe la Bibi la Kusugulia Visigino

Enzi zetu kule kijijini Daudi, mgeni hakumaliza kikombe cha kwanza cha chai kabla hajasema ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, na mama yake katokea wapi. Bibi yangu ndiye aliyekuwa hodari wa kuuliza. Hata ndama akinunuliwa mnadani, alitaka kwanza kumjua mama yake.

Krismasi moja Shangazi Paskalina, binti yake wa mwisho, alikuja likizo kutoka Tanga alikokuwa akifundisha. Wote tulijua Bibi amepania: safari hii binti harudi pwani. Shangazi akamletea zawadi, jiwe la ufukweni la kusugulia visigino, limejaa vigamba vyeupe vigumu, kila kimoja na tundu juu. Jamani, lile jiwe! Tulililamba ili tuonje bahari, mpaka ndama naye akaja kudai zamu yake.

Mimi nikasema wenye vigamba hivyo ni konokono. Kaka yangu Boay akakataa, tukabishana huku tukipukuchua mahindi ya makande, hadi Bibi akachoka.

"Paskalina, hawa ndugu zao ni nani?"

"Kaa na kamba, mama."

Tukaangua kicheko. Kaa wa mtoni tuliwajua, wana miguu na mbio! Shangazi akajibu kama yuko darasani: ukoo wa kiumbe hiki hautazamwi kwa nyumba yake. Kikiwa kichanga kinaogelea, kina miguu, kinafanana na vitoto vya kamba. Kikikua kinachagua mwamba ambao maji ya bahari huufunika na kuuacha, kinajigandisha kichwa, kinajenga gamba. Maji yakitoka kinafunga mlango. Yakirudi kinatoa miguu na kujipepelea chakula mdomoni. Wengine hupenda juu penye jua, wengine chini penye maji mengi, kama sisi wa milimani na baridi yetu na wenzetu wa uwanda wa Hanang na ng'ombe wao.

"Na kikishaganda, kinahama?" Bibi akauliza.

"Hakihami, mama."

Bibi akaligeuza jiwe mkononi. Nilimwonea huruma, maana hata mimi mtoto nilielewa.

"Kumbe nawe umeshaganda huko," akasema. "Na hao kaa, wanajua ndugu yao alipo?"

"Wanajua, mama."

"Basi kila Krismasi uje tukuone."

Shangazi akalia. Bibi akaagiza jogoo akamatwe, nasi tukamkimbiza mpaka kwenye shamba la maharage la jirani. Na kweli, Shangazi hakukosa Krismasi hata moja Bibi alipokuwa hai.

Siku hizi jiwe limelainika kwa visigino vya ukoo mzima, vimebaki vigamba vichache tu. Juzi nilimwonyesha mwanangu. Akalipiga picha kwa simu, na kabla chai haijapoa alishanitajia ndugu wote wa vile viumbe, kaa, kamba na binamu zao. Nilifurahi, sisemi uongo. Nikamwuliza, na watoto wa Shangazi Paskalina kule Tanga, wanaitwa nani?

Akakuna kichwa, akaishika tena simu.

"Ngoja, baba, nitafute."